Tuiamshe au tuitulize? Jeni ya HMOX1 na homa za watoto wa pwani

Siku hizi ukifungua simu hapa Malindi hukosi kukutana na tangazo la unga wa manjano, vidonge vya mlonge au mchanganyiko wa majani fulani unaodaiwa "kuamsha jeni za kinga". Zamani muuza dawa alisema dawa yake inasafisha damu, basi, na mnunuzi akaridhika. Wa leo anazungumza kisayansi. Anataja msongo wa seli, viondoa sumu na jeni zilizolala zikisubiri kuamshwa. Angekuwa anadanganya tu tungempuuza, lakini nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo imetoka katika maabara zenye heshima. Nusu ya pili ndiyo haisemwi, na kwa watu wa pwani hiyo ndiyo nzito.

Kati ya jeni hizo zinazosemwa, moja inatugusa zaidi kuliko wengi wanavyojua. Inaitwa HMOX1, nayo imo katika kromosomu ya 22. Ndiyo inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo hemu oksijenasi-1, kwa ufupi HO-1. Inatugusa kwa sababu ya malaria. Mtoto akilazwa kwa malaria kali, HO-1 hupanda mwilini mwake, na wataalamu wamekuwa wakibishana kwa zaidi ya miaka kumi na tano kama kupanda huko kunamwokoa au kunamponza. Wako wanaotaka ipandishwe zaidi. Wako wanaotaka izuiwe. Kila upande una ushahidi wake mkononi.

Tuanze na kazi yenyewe. Damu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, na ndani ya kila hemoglobini zimo hemu nne, kila moja ikiwa na chembe ya chuma katikati. Hemu ikikaa mahali pake ndani ya hemoglobini haina neno, inabeba oksijeni na kuitua. Seli nyekundu ikipasuka na hemu ikazagaa nje, chuma kile kinaanza kuchoma: kinaharibu utando wa seli za jirani, kinachubua ngozi ya ndani ya mishipa ya damu, kinawasha uvimbe. HO-1 ndiyo inayoikata hemu hiyo. Ikishakatwa vinatoka vitu vitatu: bilivadini yenye rangi ya kijani, chuma, na gesi ya kaboni monoksidi. Bilivadini nayo hugeuzwa kuwa bilirubini ya manjano. Mtu aliyewahi kugonga mguu kwenye ubao wa mashua ameiona kazi hii kwa macho yake, pale chubuko linapotoka kwenye zambarau likapita kijani na kuishia manjano.

Hata mtu mzima asiye na homa anaihitaji kila siku. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, hasa katika bandama, na chuma chake hurudishwa kutengeneza damu mpya. Chuma kinachozunguka hivyo ni miligramu 20 hadi 25 kwa siku, ilhali tunachopata kwenye chakula ni miligramu 1 au 2 tu. Bila kimeng'enya hiki, yaani HO-1, mwili ungekaukiwa chuma huku umezungukwa nacho.

Watafiti Tenhunen, Marver na Schmid walikieleza kimeng'enya hiki mwaka 1968, na kwa muda kilionekana ni mfanyakazi wa taka tu. Baadaye ikagundulika kwamba seli yoyote ikitiwa katika dhiki, iwe joto, metali nzito, mionzi ya jua au ukosefu wa oksijeni, HMOX1 ni miongoni mwa jeni za kwanza kuitika. Mpangilio wake unapendeza. Nyakati za amani kuna protini iitwayo BACH1 inayoikalia jeni hiyo ili isifanye kazi. Hemu ikizidi, yenyewe huishika BACH1 na kuibandua, na protini nyingine, NRF2, ikachukua nafasi na kuiwasha. Taka yenyewe ndiyo inayompigia simu wa kuizoa. Hiyo NRF2 ndiyo wauzaji wa vidonge wanayoizungumza.

Wanaotaka jeni hii ipandishwe wana hoja yenye nguvu kuanzia mtoto mmoja wa Japani. Mwaka 1999 Akihiro Yachie na wenzake walieleza habari za mvulana wa miaka sita aliyezaliwa bila HO-1, mtu wa kwanza kujulikana wa namna hiyo. Alikuwa na upungufu wa damu, hakukua sawasawa, homa na uvimbe havikumwacha, na ngozi ya ndani ya mishipa yake ilikuwa imeharibika. Seli zake nyekundu zilikuwa zikipasuka, lakini bilirubini yake haikupanda, maana hapakuwa na wa kuikata hemu. Alifariki angali mtoto. Kwa hiyo hakuna anayesema tuifute jeni hii. Ubishi ni juu ya kiasi na wakati.

Kisha ukaja mwaka 2007. Kundi la watafiti wa Ureno, akiwemo Ana Pamplona, Maria Mota na Miguel Soares, lilichukua aina mbili za panya, moja inayokufa kwa malaria ya ubongo na nyingine inayohimili. Wanaohimili ndio waliokuwa na HO-1 nyingi. Walipoondolewa jeni hiyo, nao wakaugua ubongo. Halafu wale dhaifu wakavutishwa kaboni monoksidi kidogo, sehemu 250 katika milioni ya hewa, wakapona. (Nguzo ya Vasco da Gama ipo hapa Malindi kutukumbusha kwamba Wareno si wageni kwetu. Safari hii walau walichotuletea ni maarifa.) Gesi hiyo, walieleza, hushikamana na hemoglobini na kuizuia isiachie hemu. La kushangaza ni kwamba idadi ya vimelea haikupungua. Panya waliishi na vimelea vyao bila kufa. HO-1 hapa ni kama baharia anayekumba maji mashuani: tundu halizibi, lakini chombo hakizami.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana naijua tabia ya habari kusambaa vipandevipande. Kaboni monoksidi ndiyo ileile gesi ya jiko la makaa linaloua familia nzima zikilala nalo mlango umefungwa. Maabara waliipima kwa mashine, kwa panya, kwa muda maalumu. Asitokee mtu akamfukizia mtoto moshi wa makaa kwa kisa cha degedege.

Mwaka 2011 Ana Ferreira, Soares na wenzao wakaenda mbele zaidi, wakaigusa hoja ambayo kwetu ina historia. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii akipima damu na kukuta hali ya kubeba jeni ya selimundu (sickle cell) imezidi 20% katika baadhi ya jamii za pwani na za ziwani, lakini nyanda za juu haifiki hata 1%. Mwaka 1954 alichapisha hoja kwamba kubeba jeni moja ya selimundu kunamkinga mtu na malaria. Kilifi, mwendo wa matatu kutoka hapa, Tom Williams na wenzake walilipima hilo kwa makini na kulichapisha mwaka 2005: mtoto mwenye jeni moja ya selimundu amekingwa kwa kiasi cha 50% dhidi ya malaria ya kawaida, 75% dhidi ya kulazwa kwa malaria, na karibu 90% dhidi ya malaria kali. Kinamkinga nini hasa? Wareno wakasema ni HO-1. Damu ya selimundu, hata ya mbebaji, huvuja hemu kidogo kidogo, na uvujaji huo unaiweka HMOX1 macho kabla ya mbu kufika. Kwa panya waliopandikizwa hemoglobini ya selimundu, maelezo hayo yalishikana vizuri.

Kwa watoto wa Kilifi hayashikani hivyo. Panya wale walinusurika huku vimelea vikiwa vilevile. Watoto wabebaji wa selimundu wana vimelea vichache pia, jambo ambalo HO-1 pekee haielezi. Huenda seli zao zenye kimelea hujikunja na kuondolewa na bandama mapema, na pia kimelea hushindwa kubandika vizuri juu ya seli zile protini zake za kunatia kwenye mishipa. HO-1 inaweza kuwa sehemu ya sababu. Kuipa sifa yote ni kupitiliza.

Upande wa pili unaanzia Ureno ileile, na watu ni walewale, jambo ninalolipenda katika sayansi. Mwaka 2008 Sabrina Epiphanio, akiwa na Mota na Soares, alionyesha kwamba kimelea kinapoingia kwenye ini baada ya kuumwa na mbu, HO-1 hupanda humo ini, na kupanda huko kunakisaidia kimelea, maana kunatuliza uvimbe ambao ungekiua. Panya wasio na HMOX1 kabisa hawakuambukizwa ini. Kwa hiyo protini ileile inayomwokoa panya malaria ikifika ubongoni ndiyo inayomfungulia kimelea mlango siku za kwanza. Aliyemeza vidonge vya "kuamsha" akiwa mzima, akidhani anajikinga na malaria, kama kweli vidonge hivyo vinafanya kazi kama tangazo linavyosema, huenda anamrahisishia mgeni mapokezi. Nasema huenda, maana waliopimwa ni panya.

Ila ini halinitishi sana. Kinachonitisha ni Salmonella.

Kila daktari wa watoto aliyefanya kazi pwani anaijua hali hii: mtoto analetwa na malaria, anatibiwa, vimelea vinakwisha, kisha homa inarudi na mtoto anadhoofu. Damu ikioteshwa maabara wanapatikana bakteria, mara nyingi Salmonella wasio wa taifodi, wadudu ambao mtoto mwenye afya huwamaliza tumboni bila mama kujua. Utafiti wa hospitali ya Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba 26% ya vifo vya watoto wodini vilikuwa vya watoto waliokuja na bakteria kwenye damu. Kwa nini malaria iwafungulie bakteria?

Aubrey Cunnington na Eleanor Riley wa London walitoa jibu mwaka 2012, na HO-1 imo katikati yake. Malaria inapasua seli nyekundu, hemu inazagaa, HO-1 inapanda kuikabili. Ikipanda katika uboho wa mifupa, seli nyeupe zinazotoka humo hutoka zikiwa changa, zimepungukiwa na ile pumzi ya moto ambayo seli nyeupe hutumia kuwachoma bakteria. Zinawameza Salmonella lakini haziwaui. Bakteria wanakaa ndani yake na kuzaana. Panya walipopewa dawa ya kuizuia HO-1, uwezo wa kuua bakteria ukarudi. Na walipochunguza watoto wa Gambia waliougua malaria, wakakuta udhaifu huo wa seli nyeupe unaendelea kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha, na unaandamana na kiwango cha HO-1.

Tuone inavyokaa. HO-1 inakubali kupunguza moto ili mwili usijiunguze wenyewe, na kwa kuupunguza inamwacha mtoto bila silaha mbele ya adui mwingine. Hii haihitaji mtu alaumiwe. Ni biashara ambayo mwili umeifanya kwa maelfu ya miaka, na pengine kwa jumla ililipa. Lakini mtoto mmoja mmoja haishi kwa hesabu ya jumla.

Ushahidi uliotoka kwetu ni wa aina nyingine, nami nauona ndio mzito kuliko wote. Mwaka 2011 Anthony Scott na wenzake wa Kilifi walichapisha hesabu iliyotumia ujanja mzuri. Kama malaria ndiyo inayofungua mlango kwa bakteria, walisema, basi mtoto mbebaji wa selimundu, aliyekingwa na malaria, akingwe na bakteria pia pale malaria inapokuwepo. Na ndivyo ilivyokuwa. Tena, kati ya mwaka 1999 na 2007 malaria ilipopungua Kilifi, watoto waliolazwa kwa malaria wakashuka kwa 88%, bakteria wa damu nao walishuka kwa 44%. Kwa kiwango cha malaria cha mwaka 1999, watafiti walikadiria kwamba 62% ya maambukizi ya bakteria kwenye damu yalitokana na kuwepo kwa malaria. Utafiti huu haukupima HO-1. Lakini unathibitisha upande wa binadamu wa kile ambacho panya wa London walionyesha kwa ndani.

Sasa mtetezi wa HO-1 atasema: mnachanganya moshi na moto. HO-1 kuwa nyingi kwa mtoto mahututi hakuonyeshi kwamba ndiyo iliyomfikisha hapo. Imepanda kwa sababu hali ni mbaya, kama vile magari ya wagonjwa yanavyoonekana mengi penye ajali. Hoja hiyo ni sahihi, na kipimo cha damu peke yake hakiwezi kuijibu. Ndiyo maana watu wakakimbilia kwenye jeni yenyewe, maana jeni mtu anazaliwa nayo, haipandi kwa sababu ya homa.

Mbele ya HMOX1 kuna kipande cha herufi mbili, G na T, zinazojirudia. Mtu mwenye marudio mafupi, HO-1 yake hupanda kwa nguvu akipata dhiki. Mwenye marefu, hupanda kwa uvivu. Huko Japani, mwaka 2000, wavutaji sigara wenye marudio marefu walikutwa na uharibifu mkubwa zaidi wa mapafu. Huko Taiwan wagonjwa wa kisukari wenye marudio marefu walikuwa na ugonjwa zaidi wa mishipa ya moyo. Kwa hiyo ukitazama sigara na sukari, utatamani marudio mafupi, HO-1 iitike upesi. Geukia malaria: huko Myanmar, na baadaye Gambia mwaka 2012, marudio mafupi yalikutwa zaidi kwa watoto na watu wenye malaria kali. Mtu huyohuyo angekuwa na bahati Tokyo na mkosi Banjul. Ningependa kuishia hapo, maana hadithi inapendeza, ila mwaka 2015 watafiti waliotazama watoto wa Ghana hawakuona uhusiano wowote kati ya marudio hayo na ukali wa malaria. Basi kama marudio haya yana nguvu, nguvu yake si kubwa, au inategemea mengine tusiyoyapima.

Kuna mambo mengine upande huu nitayataja kwa haraka. Seli za kansa nyingi hujaza HO-1 na kuitumia kujikinga na dawa. Kwa kifua kikuu, panya waliopewa kizuizi cha HO-1 walipunguza bakteria mapafuni. Orodha ni ndefu, na inaelekea kulekule: vingi vinavyotaka kuishi ndani yetu, HO-1 huvisaidia pia.

Niseme basi ninakoegemea. Kwa moyo na mapafu ya mtu mzima anayeishi mbali na malaria, wanaotaka kuiamsha wana kesi ya kufuatilia. Kwa mtoto wa Magarini, Ganda au Mpeketoni, ambaye malaria ikimwacha Salmonella yupo mlangoni, sioni msingi wa kuipandisha HO-1 kwa makusudi, na pia sioni ujasiri wa kuizuia wakati ubongo wake bado uko hatarini. Protini hii ina saa zake. Inafaa kwa siku kadhaa, inaponza kwa wiki kadhaa. Dawa inayopandisha au kushusha bila kujua saa ni ipi itamuua mmoja katika kumwokoa mwenzake.

Atakayesema mimi ni mwoga, nitamkumbusha yaliyotokea karibu na nyumbani. Kulikuwa na fikra iliyokubalika kote kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofu amiminiwe maji mengi mshipani haraka. Ilikuwa na mantiki kamili, na vitabu viliifundisha. Kathryn Maitland, anayefanya kazi Kilifi, akaongoza jaribio la FEAST katika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000. Matokeo ya mwaka 2011 yalishtua: waliomiminiwa maji haraka, zaidi ya 10% walifariki ndani ya saa 48, na wale ambao hawakumiminiwa ilikuwa 7.3%. Na kabla ya hapo, mwaka 1982, jaribio la Thailand lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, iliwarefushia wagonjwa wa malaria ya ubongo kuzirai kwao badala ya kuwafaa. Mantiki nzuri haitoshi. Panya waliopona hawatoshi. Isitoshe, panya wale wa malaria ya ubongo hufa hasa kwa sababu ya seli zao za kinga kushambulia ubongo, ilhali kwa watoto wetu kiini ni seli zenye vimelea kunata na kuziba vijishipa. Magonjwa mawili yenye jina moja.

Hata kizuizi chenyewe kina kasoro inayochekesha ukikifikiria ukiwa Malindi. Dawa iliyotumika kwa panya ni ya jamii ya bati na pofirini (umbo la hemu lililowekwa bati mahali pa chuma), na dawa za jamii hiyo humfanya mtu ngozi yake isistahimili mwanga. Umpe mtoto wa huku kisha umwambie mama asimtoe juani!

Haimaanishi utafiti uachwe. Atesuneti ilipochukua nafasi ya kwinini, jaribio kubwa la Afrika lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha vifo vya malaria kali vikishuka kutoka 10.9% hadi 8.5%. Ni hatua kubwa sana. Lakini bado kati ya watoto 12 waliopata dawa bora kabisa, mmoja hakutoka. Hao dawa ya kuua kimelea haikuwafaa, maana huenda kilichokuwa kikiwaua kilishatoka mikononi mwa kimelea. Anayesema tuangalie mwili wa mgonjwa na jinsi unavyoitika ana haki kabisa. Ninachotaka ni kwamba HO-1 ipimwe kwa watoto wenyewe, tangu siku ya kulazwa hadi wiki nyingi baada ya kuruhusiwa, pamoja na seli nyeupe zao na damu ya kuotesha, kabla mtu hajaja na kidonge.

Na kuhusu manjano, mtu asinielewe vibaya. Manjano ya kwenye pilau na mchuzi hayana kosa. Kiungo chake kikuu, kukumini, kimeonekana kikiipandisha HO-1 katika seli za maabara, na hapo ndipo tangazo lilipopata mguu. Lakini kikilika, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Muuzaji ana kazi ya kueleza moja kati ya mawili: ama unga wake haufiki kwenye hiyo jeni, basi anauza hewa, ama unafika, basi atueleze unamfanyia nini mtoto anayetoka kwenye malaria.

Wakati huo huo kuna mambo yasiyosubiri ugomvi huu uishe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto mwenye malaria kali, katika maeneo yenye malaria ya kutosha, aanzishiwe pia dawa ya kuua bakteria pamoja na ya malaria. Hoja ya HO-1 inaeleza kwa nini ushauri huo una akili. Pia inaeleza kwa nini mama ambaye mtoto wake alimaliza dawa za malaria wiki mbili zilizopita na homa imerudi asiende duka la dawa kununua dozi ileile. Mtoto huyo seli zake nyeupe huenda bado ni dhaifu. Apelekwe hospitali, apimwe malaria na atazamwe bakteria, siku hiyohiyo.

Na kuna njia ya kuinyima HO-1 sababu ya kupanda bila kuigusa, nayo ni kuizuia malaria isirudi. Hesabu ya Kilifi ilishatuonyesha: malaria ikishuka, bakteria wanashuka nayo. Mwaka 2020 Titus Kwambai na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika magharibi mwa Kenya na Uganda, ambako watoto waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu walipewa dawa ya kuzuia malaria kwa miezi mitatu baada ya kutoka hospitali. Vifo na kulazwa tena vilipungua kwa 35%. Shirika la Afya Duniani likapendekeza mpango huo mwaka 2022. Kwa pwani, ambako malaria haifikii ile ya ziwani lakini mifuko yake ipo kando ya Sabaki na bara ya Lamu, swali la kujibiwa ni la kawaida kabisa: mtoto wa Marafa akitoka wodini leo, nani atahakikisha anameza dozi ya mwezi wa pili na wa tatu? Mhudumu wa afya ya jamii anayemjua mama yake ndiye wa kwanza kufikiriwa, na dawa hizo ziwe mkononi mwake kabla ya mvua za masika.